Besi la Mbao au Besi la Umeme? Historia ya Sauti ya Chini

Wapo wanaodhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Skuli tumesomeshwa hivyo, na mitihani tumeifanya hivyo. Lakini ala ya muziki nayo ina historia yake. Ina safari zake, ina walioizika na walioifufua. Katika makala hii nataka kukusimulia, ndugu msomaji, habari za ala moja ambayo watu wengi huisikia bila ya kuitazama: besi.

Siandiki kwa kujifurahisha tu. Kikundi chetu cha taarab hapa Unguja kinakaribia kupiga kura juu ya jambo moja. Je, pesa tulizochanga zikatengeneze besi letu la zamani la mbao, ambalo limeachana gundi ubavuni na kupasuka mgongo, au zikanunue besi jipya la umeme? Pesa zilizopo hazitoshi vyote viwili. Na kwa kuwa mimi ndiye mpigaji, kila mtu ananitazama kama bibi harusi anavyotazamwa siku yake ya kwanza jikoni kwa mama mkwe. Basi nimeona bora, kabla ya kunyoosha mkono, niulize: wenzetu waliotutangulia walichaguaje?

Kwanza tuelewane majina. Nikisema besi la mbao nakusudia lile kubwa, refu kuliko mtu, lenye umbo la fidla, ambalo mpigaji husimama nalo kama anacheza nalo dansi. Nikisema besi la umeme nakusudia lile ambalo nalo husimamishwa, lina shingo ileile na nyuzi zilezile nne, lakini halina tumbo. Ni kama fimbo nene tu, na sauti yake haitoki mpaka uiunganishe na amplifaya. Na nikisema gitaa la besi nakusudia lile linalovaliwa begani kwa mkanda. Watu huyachanganya haya mawili ya mwisho, na humo ndimo ugomvi mwingi unamoanzia.

Besi la mbao lina siri moja ambayo mtu hawezi kuiona mpaka achungulie kwenye matundu yake ya mbele. Ndani mna kijiti kilichosimama wima baina ya kifua na mgongo. Hakikugundishwa wala hakikupigiliwa msumari. Kimebanwa tu na mkazo wa nyuzi. Kikianguka, besi zima linakuwa bubu, na mpigaji hana budi kulegeza nyuzi upesi, maana bila ya kijiti kile kifua kinaweza kubonyea. Waitaliano na Wafaransa wanakiita kijiti hicho kwa neno lao la roho. Nilipomweleza Maalim wetu, yeye aliyenifundisha, akacheka: "Mwanangu, sasa umejua kwa nini kila masika nasema besi limekata roho."

Maana masika ndiyo adui yake. Mbao hunywa unyevunyevu na kuvimba, kisha huja kaskazi ikakausha, mbao ikajikunja. Gundi ya asili ya ala hizi hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo haipendi joto la pwani pamoja na maji yaliyomo hewani. Ala iliyobuniwa Ulaya, kwa hali ya hewa ya Ulaya, imekuja kuishi kwetu kama mgeni asiyezoea chakula cha mwenyeji.

Sasa huyu mgeni alifikaje? Mababu zake walionekana Italia na Ujerumani katika karne ya 16. Wakati huo hapakuwa na makubaliano juu ya idadi ya nyuzi wala namna ya kuzikaza. Mpaka karne ya 19 wapigaji wengi hodari walitumia nyuzi tatu tu. Mmoja wao alikuwa Giovanni Bottesini wa Italia, ambaye wengi walimhesabu kuwa bingwa wa besi wa zama zake. Na hapa ndipo historia inapopenda kufanya mzaha: Bottesini huyo huyo ndiye aliyeongoza okestra siku opera ya Aida ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 24 Desemba 1871, na haikuwa Roma wala Paris. Ilikuwa Cairo, katika jumba la opera la Khedive Ismail.

Miaka hiyohiyo, hapa kwetu alitawala Sultani Barghash, kuanzia 1870 mpaka 1888. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeupenda muziki wa Kimisri hata akampeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Lakini muziki ule ulioletwa kasrini haukuwa na besi. Takhti ya Kiarabu wakati huo ilikuwa na watu wachache tu: udi, kanuni, nai, fidla, na rika la kushika wizani. Besi lilikuwa Cairo, lakini lilikaa kwa wageni, ndani ya opera.

Klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, ilirithi taarab hiyo isiyo na besi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, kikundi chake nacho kilikuwa kidogo, cha udi, fidla na ngoma za mkono. Hebu fikiri: sauti ile iliyovuma pwani nzima, iliyowafanya watu wa Lamu mpaka Kilwa wanunue santuri, ilivuma bila ya besi hata moja. Nalisema hili kwa sababu katika kikundi chetu wapo wazee wanaosema besi la mbao ndiyo "asili ya taarab." Kwa heshima zote, wazee wangu, sivyo. Nalo lilikuja kama jambo jipya.

Lilikuja lini? Cairo ndiyo iliyobadilika kwanza. Mwaka 1932 ulifanyika huko mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na wajumbe wakabishana vikali juu ya ala za Ulaya. Piano ilipingwa na wengi kwa kuwa haiwezi kutoa zile robo za sauti zinazokaa baina ya nota na nota. Lakini fidla kubwa, yaani selo na besi, hazina kizuizi shingoni. Kidole kinaweza kukaa popote. Zikaingia mlango ambao piano ilizuiwa. Katika filamu za Mohammed Abdel Wahab na katika matamasha ya Umm Kulthum, takhti ndogo ikageuka kuwa okestra kubwa, fidla zimejipanga safu, na besi limesimama nyuma kama mlinzi.

Watu wa Unguja waliziona filamu hizo sinema, wakazisikia nyimbo hizo redioni na kwenye santuri, wakatamani. Katikati ya karne ya 20 okestra za taarab hapa zikaanza kukua kwa mfano wa Cairo. Akodioni ikaingia, selo ikaingia, na besi la mbao likaingia. Culture Musical Club, ambayo ilianza mwaka 1958, na Ikhwani Safaa wenyewe, zikajulikana kwa sauti hiyo ya fidla nyingi zinazokaliwa chini yake na besi. Ukisikia leo mtu wa Ulaya anasema "taarab ya Zanzibar", aghalabu sauti hiyo ndiyo aliyonayo kichwani. Yaani kile tunachokiita cha kale kilikuwa kipya kwa babu zetu, na walikichagua kwa makusudi.

Lakini msomaji, usidhani kwamba kabla ya hapo watu wa kawaida hawakuwa na sauti ya chini. Ng'ambo ya Darajani na huko mashamba kuna kidumbak. Hiyo ni taarab ya watu wasio na kasri: vidumbak viwili, fidla, cherewa, mkwasa, na sanduku. Sanduku ni sanduku hasa, lile la mbao lililokuja na majani ya chai. Linapinduliwa, linafungwa uzi mmoja, na uzi unafungwa kwenye fimbo. Mpigaji akiivuta fimbo uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Hakuna nota iliyoandikwa popote. Mkono na sikio tu.

Na tusidhani sanduku ni alama ya umaskini wetu peke yetu. Vijana wa Uingereza katika miaka ya 1950 walipiga masanduku ya chai vilevile, na kile kikundi cha John Lennon kabla ya Beatles kilikuwa nalo. Cuba nako, wapigaji wa son mwanzoni mwa karne ya 20 walipata sauti ya chini kwa kupuliza mtungi, au kwa marimbula, ambayo ni sanduku lenye vipande vya chuma vya kudonoa, mjukuu wa malimba za Afrika. Katika miaka ya 1920 wakaviacha hivyo, wakachukua besi la mbao. Sahani za Cuba zikaja Afrika katika miaka ya 1930 na kuendelea, zikawatia wazimu vijana wa Leopoldville, Dar es Salaam na Morogoro, hata Salum Abdallah akaanzisha bendi yake mwaka 1948 na kuiita Cuban Marimba. Kwa hiyo njia ni ileile: watu huanza na sanduku, wakipata pesa hununua besi. Sasa swali letu: wakipata waya, wafanye nini?

Swali hilo lilianzia Marekani, na lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wenzangu katika kikundi husema besi la umeme la kusimama ni kitu cha juzi, eti ni teknolojia ya kisasa. Ukweli ni kwamba katika miaka ya 1930, kampuni za Rickenbacker, Vega na Regal zilikwisha kutengeneza mabesi ya umeme ya kusimama. Sababu yake ilikuwa moja: bendi za dansi zilikuwa na matarumbeta mengi na mpigaji wa besi hasikiki. Uzi mnene wa chini kabisa hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 hivi. Kulisukuma wimbi kubwa namna hiyo kunataka tumbo kubwa. Ndiyo maana besi ni kubwa. Na likiwa na tumbo kubwa bado hushindwa na tarumbeta moja lililokasirika.

Zikajaribiwa njia tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kuliondoa tumbo na kuweka umeme mahali pake. Njia ya pili ni ya Everett Hull, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa besi. Mwaka 1946 yeye na mwenzake walifanya biashara ya kutia kinasa sauti ndani ya besi la mbao kupitia ule mguu wa chini unaosimama sakafuni. Kutokana na mguu huo ndipo likapatikana jina la Ampeg. Besi likabaki na tumbo lake, likaongezewa kinywa. Njia ya tatu ni ya Leo Fender, aliyetoa gitaa la besi mwaka 1951, ingawa Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ametengeneza la kwake miaka mingi kabla, katikati ya miaka ya 1930, na halikununuliwa sana. La Fender lilikuwa dogo, rahisi kubeba, na shingoni lilitiwa vile vipande vya chuma ambavyo mafundi wanaviita freti. Akaliita Precision, yaani usahihi, maana ukibonyeza baina ya freti na freti huwezi kukosea nota.

Hapo nataka tusimame kidogo. Usahihi wa nani? Freti huigawa sauti katika ngazi 12 zilizo sawa, na hizo ndizo ngazi za piano. Katika maqamu kama Rasti na Bayati kuna sauti zinazokaa baina ya ngazi na ngazi. Mwenye fidla anazipata, mwenye udi anazipata, mwimbaji anazipata. Mwenye gitaa la besi lenye freti huzikwepa tu, anapita pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi. Kwa hiyo ala iliyoitwa usahihi ndiyo isiyoweza kusema sawasawa lugha yetu. Besi la umeme la kusimama halina freti. Katika jambo hili ni ndugu halisi wa besi la mbao, na wanaolitupa kapu moja na gitaa wanalionea.

Na lina heshima yake pia. Mwaka 1962 Ampeg walitoa besi dogo la kusimama waliloliita Baby Bass, tumbo lake la plastiki, halizidi selo kwa ukubwa. Wapigaji wa jazi wengi hawakulipenda. Lakini Wacuba na Wapuertoriko wa New York walilichukua, na sauti yake nzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, ikawa ndiyo besi la salsa. Sababu ni kwamba salsa ilitaka mdundo mfupi wenye nguvu, unaosikika katikati ya ngoma na matarumbeta, na mpigaji hakutaka kubeba mzigo kutoka ukumbi mmoja mpaka mwingine usiku mmoja. Tangu hapo ala za aina hii hazijakufa. Ned Steinberger alianzisha kampuni yake ya NS Design mwaka 1990, na Yamaha nao wakaja na besi lao la kimya kwa wale wanaotaka kufanya mazoezi bila ya kuwaamsha majirani.

Turudi nyumbani. Kwetu uchaguzi ulifanyika mapema pia, lakini watu waliruka hatua ya katikati. Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club walitia magitaa ya umeme na gitaa la besi katika taarab, na vijana wakaicheza kwa kusimama. Mombasa nako magitaa yaliingia. Halafu katika miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, ya akina East African Melody na TOT, yenye kinanda cha umeme kinachoweza kujifanya fidla, nai na besi kwa wakati mmoja. Siwatukani. Walipata watazamaji ambao klabu za zamani ziliwapoteza, na kikundi cha watu wachache kiliweza kusafiri na kulipwa. Wanawake wengi walipata jukwaa na pesa kwa njia hiyo. Lakini kinanda kilipoingia, wapigaji wa fidla na besi wengi walibaki nyumbani. Na mpigaji akibaki nyumbani, hafundishi mtu.

Jambo la mwisho la historia ninalotaka kulitaja halimo katika vitabu vya muziki. Mwezi wa Mei 2008 umeme unaokuja Unguja kutoka bara ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka ndoo za maji na moshi wa jenereta za wenye nazo. Waya mpya wa chini ya bahari ulizinduliwa mwaka 2013, na alhamdulillahi hatujarudia kiza cha namna ile. Hata hivyo, ala za mbao ziliweza kupigwa siku zile bila ya kumuomba mtu ruhusa. Ala ya umeme bila ya umeme ni kuni zilizochongwa vizuri.

Sasa tupime, kwa haki.

Katibu wetu, ambaye ni kijana na anapenda maendeleo, anasema hivi: "Dada, tunapigia harusi uwanjani, spika kubwa kama makabati. Besi la mbao tukiliwekea maiki linapiga mluzi. Tunalishusha sauti mpaka halisikiki. Sasa faida yake nini?" Na hapo anasema kweli. Tumbo la besi hupokea sauti ya spika, likatikisika, maiki ikainasa tena, ikarudi kwenye spika, ikazunguka mpaka masikio yakauma. Besi la umeme halina tumbo la kupokea, basi halipigi mluzi kwa urahisi. Katibu anaongeza kwamba masika hayaliathiri sana. Hilo nalo kweli.

Halafu kuna habari ya kubeba, na hii inanihusu mimi mwenyewe. Besi la mbao lina kimo kama cha mtu mrefu, kiasi cha sentimita 180, na uzito wa kilo 10 hivi. Daladala halinitaki nalo. Utingo hunitazama kama nimekuja na ng'ombe. Mazoezi yakimalizika usiku, mvulana anaweza kulibeba mgongoni akaenda zake kwa miguu. Mimi natakiwa nimsubiri kaka yangu. Tukumbuke kwamba wanawake wa taarab kwa muda mrefu waliachiwa kuimba, na ala zikawa za wanaume. Bi Mariam Hamdani alipounda kikundi cha Tausi cha wanawake watupu, wanaopiga ala wenyewe, alikuwa anaibomoa kuta hiyo. Ala inayoingia kwenye daladala ni jambo la haki pia, si la uvivu. Kura ya umeme ingenifaa mimi kuliko mtu yeyote.

Lakini amplifaya nani ataibeba? Ukijumlisha besi la umeme, amplifaya yenye spika ya kuvumilia sauti za chini, na waya zake, mzigo umerudi palepale au umezidi. Na kikiharibika kile kinasa chake kidogo kilichofichwa chini ya daraja la nyuzi, fundi redio wa mtaani hana kipuri. Besi la mbao likipasuka, seremala anayechonga milango ya Mji Mkongwe, akielekezwa na Maalim, anaweza kulifunga. Nilimuuliza Maalim: "Tukilitengeneza litadumu kweli?" Akanijibu: "Mimi mwenyewe nimeshatengenezwa hospitali mara mbili, na bado napiga."

Kuna na sauti. Hapa si suala la ushabiki. Ukidonoa uzi wa besi la mbao, sauti hutoka kwa nguvu kisha hufa upesi, kwa sababu tumbo limeitumia nguvu ya uzi kusukuma hewa. Besi la umeme halisukumi hewa, kwa hiyo uzi wake huendelea kuimba kwa muda mrefu. Katika mtindo mwingine hiyo ni neema. Lakini taarab ni mashairi. Mwimbaji anapotamka kina, watu wanangoja neno, wanataka kwenda kutunza. Besi linalokufa upesi linamwachia nafasi. Mpigaji hodari wa besi la umeme anaweza kuukata uzi kwa kiganja, lakini inabidi akumbuke kila mara kufanya kile ambacho mbao hukifanya yenyewe.

Na hili la mwisho ndilo linalonielemea zaidi: mafunzo. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, ambacho wengi tunakijua kwa kifupi cha DCMA, kilianza mwaka 2002 katika jengo la forodha la zamani, na kikaonyesha kwamba vijana wa Unguja, wasichana kwa wavulana, wanataka kujifunza ala hizi wakipewa nafasi. Katika kikundi chetu, watoto huja barazani siku za mazoezi. Wakisikia besi la mbao, hulisikia tumboni mwao, hata wakiwa nje. Wanaligusa na kuhisi likitikisika. Hakuna anayeambiwa "usiguse waya". Mimi nilijifunza hivyo. Besi la umeme lisilounganishwa halimfundishi mtoto kitu. Na likiunganishwa, Katibu ndiye mwenye ufunguo wa amplifaya.

Basi nimefikia wapi? Historia imenionyesha kwamba wote wawili, wazee na Katibu, wana nusu ya ukweli. Besi la mbao si asili yetu. Ni chaguo la babu zetu. Besi la umeme si la kisasa. Lina umri wa bibi yangu. Kwa hiyo tusichague kwa sababu ya ukale wala upya. Tuulize: tukichagua hili, nani atapiga kesho?

Na historia imenipa pia njia ambayo mkutanoni haijatajwa na mtu: ile ya mwaka 1946. Tulitengeneze besi la mbao, lifungwe vizuri, lirudishiwe roho yake, na tulitie kinasa kidogo kwenye daraja, ambacho bei yake si chochote ukiilinganisha na besi zima jipya. Harusi ya uwanjani litapigwa kwa waya, tena tulizibe matundu ya mbele kwa sponji mluzi upungue. Barazani litapigwa bila waya. Halitasikika uwanjani kama lile la umeme, najua, na daladala litaendelea kunikataa. Hasara hiyo naikubali, kwa sharti moja ambalo nitalisema wazi mbele ya wanaume wote: kikundi kilipe gari ya kulibeba besi kila baada ya mazoezi, na mpigaji afikishwe mlangoni kwao. Lisiwe jambo la hisani ya kaka wa mtu.

Siku mfuko ukijaa tena, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwa besi la umeme, liwe la pili katika kikundi, na wapigaji wawe wawili. Lakini tukianza na la umeme, lile la mbao litauzwa. Najua litauzwa, maana kitu kilichopasuka na kuwekwa pembeni hupata mnunuzi wa hoteli, asimamishwe nalo mlangoni kama pambo kwa watalii, nyuzi zimelegea na ndani kijiti kimelala.

Wewe msomaji ambaye kikundi chenu kina swali kama hili, iwe juu ya udi, ngoma au zumari, msiulize bei peke yake. Waiteni na watoto wanaokaa barazani, muwaulize ni ala gani wameshaigusa.